Darsa ya Vyombo Vilivyotuzidi, na Nyumba Zinazovihitaji



Katika Sura ya 107, ambayo watoto wetu huihifadhi mapema chuoni kwa ufupi wake, Mwenyezi Mungu amewataja watu wanaoswali na huku wamezipuuza swala zao, watu wa kujionyesha, kisha akawamaliza kwa sifa ambayo wengi wetu huisoma bila ya kuizingatia: kwamba wao huzuia maaun. Wafasiri wamekhitalifiana juu ya neno hili. Wako waliosema kuwa ni zaka. Ama Ibn Masud, radhi za Mungu zimfikie, amepokewa kwamba masahaba katika zama za Bwana Mtume s.a.w. walikuwa wakiihisabu maaun kuwa ni kuazimana ndoo na chungu. Wengine wakaongeza shoka na vyombo vinginevyo ambavyo jirani hamnyimi jirani. Basi angalieni, ndugu zangu, chungu cha jikoni kimepewa mahali gani. Kimetajwa katika sura moja na yatima anayesukumwa, na maskini asiyehimizwa kulishwa, na swala isiyo na moyo ndani yake.

Tumeiweka darsa hii kwa sababu ya jambo linaloulizwa mara kwa mara na ndugu zetu wa pwani. Mtu ahama nyumba ya wazee wake aende kukaa katika fleti ya vyumba viwili, naye ana vitanda vitatu, makabati, masinia ya shaba, sahani za harusi ya mama yake, mazulia, na cherehani isiyoshonewa tangu alipofariki shangazi. Hataki kuvitupa, na kuviuza aona haya. Asikia kwamba huko bara, Nakuru na Naivasha na Molo, kuna Waislamu wenzake na majirani zao wenye shida, naye auliza: je, nivipeleke? Na je, nitakuwa nimetoa sadaka au nimejipunguzia taka?

Swali hili la pili ndilo zito, na jawabu lake limo katika Suratul Baqara, aya ya 267. Mwenyezi Mungu ametukataza humo tusikikusudie kilicho kibaya ndicho tukitoe, kitu ambacho lau tungepewa sisi tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Huo ndio mzani. Godoro lenye kunguni, redio isiyosema, sufuria iliyotoboka, viatu vya mguu mmoja: kama wewe mwenyewe ungepelekewa ukavikataa, au ukavipokea kwa kumstahi aliyeleta kisha ukavitupa jioni, basi hiyo si sadaka. Umemhamishia maskini kazi yako ya kwenda jaani. Na katika mji wa Nakuru kuna jaa kubwa mahali paitwapo Gioto, na wako watu wanaopata riziki yao kwa kuchambua kilichotupwa pale. Hao wana taka za kutosha, wala hawana haja ya kuletewa nyingine kutoka Mombasa kwa jina la dini.

Hatusemi kwamba kitu kilichotumika hakifai. La. Kitu kilichotumika kikiwa kizima, kikaoshwa, kikashonwa pale kilipofumuka, kikafungwa vizuri, ni sadaka njema kabisa. Bwana Mtume s.a.w. aliletewa na mwanamke mmoja shuka aliyoifuma kwa mkono wake, naye alikuwa na haja nayo, akatoka ameivaa. Mtu mmoja akaiomba, naye akampa. Masahaba wakamlaumu muombaji kwa kuomba nguo ambayo Mtume mwenyewe anaihitaji, lakini yule akasema kwamba ameitaka iwe sanda yake, na ikawa hivyo. Nguo ile ilivaliwa kwanza na mtoaji, na kuvaliwa huko hakukuipunguzia kitu. Kitu hupungua pale mtoaji anapoacha kujiuliza ni nani atakayekipokea na kitamfaa nini.

Na aliye juu kuliko huyu ni yule anayetoa anachokipenda. Ilipoteremka aya ya 92 ya Suratu Aali Imran, Abu Talha alikwenda kwa Mtume s.a.w. akaitoa bustani yake iitwayo Bayruha, iliyokuwa imeelekeana na Msikiti wa Madina, na ambayo Mtume alikuwa akiingia na kunywa maji yake. Hakuna mali aliyoipenda kuliko hiyo. Mtume akaifurahia, kisha akamshauri awagawie jamaa zake. Kisa hiki hutajwa sana kwenye mimbari kwa ajili ya ukubwa wa sadaka, na mwisho wake hupitwa haraka. Mwisho wake ni kwamba mtoaji alirejeshwa nyumbani kwao. Kabla ya kuuliza habari za Nakuru, ewe mwenye makabati, jiulize habari za mpwa wako aliyeoa mwaka jana na bado alala chini.

Tukiisha kuyasema hayo, tuje kwenye Nakuru yenyewe.

Mji huu si mgeni kwa watu wa pwani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nakuru mwaka 1900, na njia hiyo iliwapandisha Waswahili na wengineo waliokuja kwa kazi na biashara, hata mitaa kama Bondeni ikawa na Waislamu wa asili nyingi. Nakuru ilitangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Lakini mtu wa pwani anayefunga mzigo wa sadaka mara nyingi husahau jambo moja la dhahiri, nalo ni baridi. Nakuru iko kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari, na Molo ni karibu mita 2,500. Baridi ya Molo ya mwezi wa Julai haizuiliki kwa kanga. Shuka nyembamba, makanzu ya melimeli, feni na mapazia ya hariri huko ni pambo. Blanketi nzito, sweta la mtoto, soksi, koti hata liwe la zamani, hizo ndizo zenye thamani, na hizo hatunazo kwa wingi sisi, kwa sababu hatuna haja nazo. Kwa hivyo kile kinachotuzidi sisi si lazima kiwe ndicho kinachowapungukia wao, na hapo ndipo sadaka nyingi za vyombo hupotea njia.

Bonde la Ufa limepata misiba ambayo yatufunza mengi katika jambo hili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu waliofukuzwa makwao walikusanyika katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru, na wengi wao hawakurejea makwao kwa muda mrefu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, Ramadhani ikikaribia, bwawa la Patel huko Solai lilipasuka, maji yakazoa nyumba na watu zaidi ya 40 wakafa. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Naivasha yalipanda yakaingia katika makazi ya Kihoto. Na alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu, mkondo wa maji uliteremka kwa ghafla kutoka upande wa Kijabe ukawakuta watu wamelala, na hapo pia waliokufa walizidi 40.

Mtu aliyepatwa na hayo hakupoteza kitu kimoja. Amepoteza jiko, chungu, mwiko, kikombe, mahali pa kulala na cha kujifunika, vyote kwa saa moja. Ndiyo maana Shirika la Msalaba Mwekundu, katika misiba ya namna hii, hugawa vitu kwa seti: blanketi, turubai, mikeka, madumu ya maji, ndoo, sabuni, vyandarua, na vyombo vya jikoni vilivyofungwa pamoja. Nasi na tuige adabu hii. Ukimpa mama sahani kumi na mbili za maua bila ya sufuria, umempa sahani za kutazama. Lakini sufuria mbili zenye vifuniko, kisu, mwiko, sahani za idadi ya watu wa nyumba, dumu la maji na blanketi mbili, hiyo ni nyumba iliyoanza tena. Nyumba tano za mtaa mmoja wa Mombasa zaweza kukusanya seti kumi kama hizo bila ya yeyote kuona pengo kabatini mwake.

Ama gharama ya safari, hilo lataka hesabu. Kutoka Mombasa hadi Nakuru ni zaidi ya kilomita 600. Kabati la mninga litalipiwa nauli ya lori, litakwaruzwa Mariakani, litavunjwa mlango Nairobi, na likifika huenda lisipite katika mlango wa chumba cha kupanga cha huko Kaptembwa. Nauli hiyohiyo ingaliweza kununua magodoro kwa fundi wa Nakuru, na fundi naye akapata riziki. Rai yetu ni hii: vitu vizito na vitu vya fahari viuzwe hukuhuku pwani, na thamani yake ipelekwe kwa simu kwa watu waaminifu wanunue huko kinachohitajiwa huko. Vitu vyepesi vyenye manufaa, kama nguo nzito, vyombo vya chuma, cherehani ndogo, vitabu vya chuoni, hivyo na vipelekwe.

Lakini hapa pana mlango wa fitina. Anayekabidhiwa sadaka ni wakili, na wakili hana ruhusa ya kuibadili ila kwa idhini ya aliyemkabidhi. Ukipewa cherehani uipeleke kwa mjane, huwezi kuiuza kwa kuwa umeona bora fedha, hata kama rai yako ni nzuri. Mwulize mwenyewe kwanza. Na akisha kuruhusu, isinunuliwe na jamaa za kamati kwa bei ya kupeana. Wala mtoaji asikinunue yeye. Sayyidna Umar, radhi za Mungu zimfikie, alitoa farasi kwa njia ya Mwenyezi Mungu, kisha akaona yule aliyepewa hamtunzi, naye adhani atamuuza rahisi. Akataka kumnunua. Bwana Mtume s.a.w. akamkataza, hata kama angepewa kwa dirhamu moja, akaifananisha hali ya anayeirejea sadaka yake na mbwa anayerejea matapishi yake. Wako kati yetu watu wanaotoa zulia mwezi wa Shaabani kisha wakaliona mnadani na wakalirudia kwa sababu limekuwa rahisi. Na waache.

Daftari ni lazima. Kila kitu kiandikwe: kimetoka kwa nani, kiko katika hali gani, kimepelekwa wapi na kimepokewa na nani. Na aibu ya kitu itajwe. Shari'a imemkataza muuzaji kumficha mnunuzi aibu ya bidhaa, na mpokeaji wa sadaka hana nguvu hata ya kurudisha, basi yeye astahiki zaidi kuelezwa. Pasi ambayo waya wake umechunika, au mtungi wa gesi ambao mpira wake umekufa, ni hatari ya roho. Ama itengenezwe au isitolewe. Na kazi ya kujua ni nani mwenye haja wapewe akina mama. Wanaume hujua majina ya waliokaa safu ya mbele msikitini, lakini akina mama wajua ni jiko la nani halijawashwa tangu jana, na ni nani ambaye hatasema hata akiulizwa.

Tumeulizwa tena: huko Nakuru Waislamu ni wachache, na majirani zao wengi si Waislamu. Je, vyombo hivi wapewe wao pia? Jawabu ni kwamba hapana budi kutenga baina ya zaka na sadaka. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika aya ya 60 ya Suratu Tawba, na wanazuoni wetu wameziwekea sharti zake. Na hapa na tuseme wazi jambo linalokosewa: kochi kuukuu halilipi zaka ya fedha. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata watu wa pwani, zaka ya fedha haitolewi kwa vyombo. Mtu asijihisabie kabati la shilingi 20,000 akasema zaka yangu ya mwaka huu imetoka. Kabati ni sadaka, na zaka ingali shingoni mwake.

Ama sadaka, mlango wake ni mpana. Aya ya 8 ya Suratul Mumtahina haikutukataza kuwafanyia wema wasiotupiga vita kwa dini wala kututoa majumbani mwetu. Bibi Asma binti Abubakar alijiwa na mama yake naye bado ni mshirikina, akauliza kama amuunge, na Mtume s.a.w. akamwambia ndiyo. Maji ya Solai hayakuuliza dini ya mtu. Muislamu wa Nakuru anayepokea magodoro kumi kutoka pwani akayagawa yote kwa jamaa wa msikitini, na huku ukuta kwa ukuta kuna mtoto wa jirani anayelala juu ya gunia, atakuwa amepunguza haki ya ujirani, na ujirani hautoki kwa kutofautiana kiblani.

Kuna njia nyingine ambayo wazee wetu waliijua sana na sisi twaiacha ife, nayo ni wakfu wa vyombo. Wengi wadhani wakfu ni nyumba na mashamba tu. Katika madhehebu yetu, kila kitu ambacho hutumiwa na kiini chake kikabaki chafaa kuwekwa wakfu, kiwe cha kuhamishika au kisichohamishika. Chakula hakifai, kwani kutumiwa kwake ndiko kumalizika kwake. Lakini masufuria makubwa ya pilau, masinia, mabirika, majamvi, turubai la msiba na jeneza, vyote hivyo vyafaa. Mitaa ya pwani ilikuwa na sufuria zake, na mwenye harusi au matanga alizichukua na kuzirejesha bila ya kulipa. Leo kila nyumba ina sufuria yake kubwa inayotumika mara moja kwa miaka miwili, na maskini akifiwa akodi kwa fedha asiyokuwa nayo. Hii ndiyo maaun yenyewe, tumeizuia bila ya kukusudia. Mwenye sufuria tatu kubwa angefanya vyema kuziweka mbili wakfu kwa msikiti mdogo wa huko bara, kwa maneno yaliyo wazi na mbele ya mashahidi, na atajwe msimamizi wake. Baada ya hapo haziuzwi, wala hazipewi mtu zikawa zake, wala hazirithiwi.

Juu ya adabu ya kutoa tutasema kwa ufupi. Suratul Baqara imetwambia kwamba neno jema ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na udhia, na kwamba masimango huibatilisha sadaka. Siku hizi masimango yamepata chombo kipya, nacho ni picha. Mjane asimamishwa mbele ya msikiti ameshika blanketi, watu watano wameishika pembeni, na jioni picha imefika Mombasa, Maskati na London, na watoto wa yule mama waiona shuleni. Wanaohitaji uhakika wapigwe picha ya mzigo na waonyeshwe daftari. Uso wa mtu haukuwa katika mapatano.

Tumebakisha jambo ambalo kwa rai yetu ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote, nalo ni vyombo vya aliyekufa. Desturi yetu, mzee akifariki, hata matanga hayajaisha, makoti yake, vitanda vyake na viatu vyake vimekwisha gawiwa: huyu apewa aliyeosha, yule apewa mwalimu, na mengine hufungwa yakapelekwa mbali kwa nia ya kumpatia marehemu thawabu. Nia ni njema. Lakini tangu roho ilipotoka, vitu vile si vya marehemu, wala si vya mjane peke yake, wala si vya mtoto mkubwa anayezungumza kwa sauti. Kwanza hutolewa gharama ya mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi kwa asiyekuwa mrithi, na kinachobaki ni cha warithi wote. Na akiwamo mtoto ambaye hajabaleghe, fungu lake haliwezi kutolewa sadaka na mtu yeyote, si mama yake wala ami yake wala kadhi. Wanaokula mali ya yatima wametajwa katika Suratu Nisaa kwa onyo ambalo kila mmoja wetu alijua, na kuigawa kwa jina la sadaka hakuifanyi halali.

Tutoe mfano, ili jambo liwe jepesi. Mtu amefariki, ameacha mke, mwana wa kiume aliyebaleghe, mwana wa kiume mdogo, na binti mdogo. Wazee wake walikwisha kutangulia. Baada ya madeni, vyombo na nguo vimethaminiwa shilingi 48,000. Mke ana thumuni, nayo ni 6,000. Zilizobaki 42,000 hugawiwa mafungu 5: kila mwana wa kiume mafungu 2, sawa na 16,800, na binti fungu 1, sawa na 8,400. Basi mke na mwana mkubwa, wakipenda, waweza kutoa sadaka vitu vya thamani ya 22,800. Vitu vya 25,200 vilivyobaki ni vya wale wawili wadogo, na huwekwa, au vikiwa vya kuharibika huuzwa kwa bei ya haki na fedha zikahifadhiwa kwa majina yao. Wakikhitalifiana, Mahakama ya Kadhi ipo, na Nakuru pia ipo, wala si lazima mtu wa bara ateremke mpaka Mombasa kwa ajili ya hili.

Na kama vitu vilikwisha kugawiwa zamani bila ya kujua, basi wale wakubwa waliogawa, ambao katika mfano wetu ni mke na mwana mkubwa, wawarudishie wadogo 25,200 zao kutoka katika mali yao wenyewe. Aliyepelekewa koti huko Molo naye hakujua, na abaki nalo. Wallahu aalam.